Sura ya Sita: Vinavyopatana Chunguni

Ukikaa kwenye benchi la zahanati, ndani ya daladala au kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, hutakosa mtu wa kukugawia sheria za kula. Usichanganye wali na nyama. Usile papai baada ya ugali, litaozea tumboni juu ya chakula. Samaki na maziwa ni sumu. Mayai peke yake, viazi peke yake, matunda asubuhi tumbo likiwa tupu, na baada ya hapo usiyaguse tena mpaka kesho. Sheria hizi hutolewa kwa sauti ya wahenga, kana kwamba bibi zetu ndio waliotuachia. Bibi zetu walikuwa wakipika makande. Na makande, ukiyapima kwa sheria hizo, ni kosa la jinai: mahindi yenye wanga na maharage yenye protini, sufuria moja, moto mmoja, na tui la nazi juu yake.

Sehemu kubwa ya sheria hizi ina wenyewe, na wenyewe hawakuwa wa kwetu. Mwanzoni mwa karne ya 20 daktari mmoja wa Marekani, William Howard Hay, aliugua figo, akabadili ulaji wake, akapata nafuu. Nafuu ile akaijengea nadharia: wanga unataka mazingira ya alkali, protini inataka tindikali, kwa hiyo ukivila pamoja kila kimoja kinakiharibia kingine, chakula kinakwama na kuoza. Vitabu vyake vilisomwa sana miaka ya 1930. Mwaka 1951 Herbert Shelton, naye Mmarekani, alikaza kamba zaidi na kuyatungia matunda sheria zake: tikiti, kwa mfano, liliwe peke yake. Mwaka 1985 Harvey na Marilyn Diamond wakatoa kitabu cha Fit for Life, kikauzwa kwa mamilioni. Nadharia ikavuka bahari, ikajifunga kanga, ikaanza kujiita ya asili.

Hay hakuwa mjinga. Ni kweli kwamba mate yana kimeng'enya cha kuvunja wanga ambacho tindikali ya tumbo hukipunguza makali, na ni kweli kwamba protini huanza kuvunjwa ndani ya tindikali hiyo hiyo. Kosa lake ni kudhani kwamba kazi yote inaanzia na kuishia hapo.

Tena karne nzima kabla ya vitabu vyake, kuna daktari aliyewahi kulichungulia tumbo la mtu hai likiwa kazini. Tarehe 6 Juni 1822, katika kisiwa cha Mackinac, karibu na mpaka wa Marekani na Kanada, kijana mmoja mfanyakazi wa biashara ya manyoya, Alexis St. Martin, alipigwa marisau kwa bahati mbaya, bunduki ikiwa karibu naye kabisa. Daktari wa jeshi, William Beaumont, alimtibu. Kijana akapona, ila tundu la tumboni halikuziba maisha yake yote. Adhuhuri ya tarehe 1 Agosti 1825 Beaumont alichukua uzi wa hariri, akafunga juu yake vipande vya nyama ya ng'ombe iliyokolezwa viungo, nyama ya nguruwe mbichi ya chumvi, nyama ya ng'ombe mbichi ya chumvi, nyingine ya chumvi iliyochemshwa, mkate uliolala na kabichi mbichi. Vyote akavitumbukiza kwa pamoja kupitia tundu lile, kisha akamwacha Alexis aendelee na kazi zake za nyumbani. Saa 7 mchana akauvuta uzi: kabichi na mkate vimekwisha nusu, nyama bado ziko vilevile. Akaurudisha. Saa 8 akauvuta tena, na sasa kabichi, mkate, nguruwe na ile nyama iliyochemshwa vyote vimeyeyuka na kutoka kwenye uzi. Mkate na nyama ndani ya tumbo moja, saa moja, na hakuna kilichomngoja mwenzake. Alexis alilalamika kwamba tumbo linamsumbua siku ile, na kwa kweli nani asingelalamika. Beaumont alichapisha majaribio yake mwaka 1833, na Alexis, pamoja na tundu lake, aliishi hadi 1880.

Alichokiona Beaumont ni mwanzo tu wa safari. Chakula kikishakuwa rojo, tumbo hukiachia kidogo kidogo kuingia kwenye utumbo mwembamba, na hapo kongosho humwaga maji yenye vimeng'enya vya wanga, vya protini na vya mafuta kwa mpigo mmoja, pamoja na bikaboneti ya kuizima tindikali iliyotoka tumboni. Nyongo huja kuyagawanya mafuta. Mwili haukuumbwa ukitarajia kuletewa chakula cha aina moja moja, kwa sababu chakula cha aina moja ni adimu duniani. Punje ya harage, kabla hujaipika na chochote, sehemu yake moja kati ya tano ni protini na zaidi ya nusu ni wanga. Maziwa ya mama yana sukari, protini na mafuta humo humo. Mtu anayetaka kutenganisha wanga na protini itabidi aanze kwa kumnyang'anya mtoto ziwa.

Jaribio lilifanywa pia. Huko Geneva, Uswisi, wagonjwa 54 wenye unene uliopitiliza waligawanywa makundi mawili, wote wakipewa kalori 1,100 kwa siku kwa wiki 6. Kundi moja lilikula kwa kutenganisha, jingine lilikula mchanganyiko wa kawaida. Matokeo yalichapishwa mwaka 2000: waliotenganisha walipungua wastani wa kilo 6.2, waliochanganya kilo 7.5, tofauti ambayo kitakwimu haina uzito. Kilichowapunguza ni kula kidogo. Na hapa ndipo ilipo siri ya wale wanaoapa kwamba kutenganisha kumewasaidia. Ukiambiwa usile wali na nyama pamoja, usile mkate na yai, usile tunda baada ya chakula, utakula kidogo, utakula polepole, na andazi la saa nne litakupita. Tumbo litashukuru, na sifa atachukua Hay.

Basi kuchanganya vyakula hakuna maana? Kuna, tena kubwa, ila walimu wa kutenganisha wameliweka jambo kichwa chini miguu juu. Cha kuuliza ni kipi kikikaa na kipi, mwili unafaidi zaidi, na kipi kinahitaji kufanyiwa nini kabla hakijafika mezani. Mengi ya haya huamuliwa jikoni, saa nyingi kabla ya tumbo kuhusika.

Turudi kwenye makande, au githeri kama uko Kenya. Protini ya mahindi ina upungufu wa asidi amino iitwayo laisini. Protini ya maharage ina laisini tele, ila imepungukiwa methionini, ambayo mahindi yanayo. Vikikutana, kila kimoja kinaziba pengo la mwenzake, na mlo unakaribia ubora wa nyama kwa bei ya dengu. Wali kwa mbaazi, ugali kwa kunde, chapati kwa choroko: hesabu ni ile ile. Wala si lazima vikutane kwenye sahani moja, kwani ukila ugali mchana na maharage jioni mwili utajua namna ya kuvikutanisha. Lakini vikikosa kukutana siku baada ya siku, hasa kwa mtoto aliyeachishwa ziwa na kubaki na uji mtupu wa sembe, madhara huonekana kwenye kimo chake.

Kwenye muhogo jambo hili huwa zito zaidi, na nitakaa hapa kidogo. Muhogo mchungu una kemikali inayotoa sumu ya sianidi. Kuloweka siku kadhaa, kuvundika, kukausha vizuri na kutwanga ndiko kunakoiondoa. Kile kinachosalia mwili hukigeuza kuwa kitu kisicho na madhara makubwa na kukitoa kwa mkojo, lakini ili ufanye hivyo unahitaji salfa, na salfa hiyo hutoka kwenye protini ya samaki, nyama, mayai au kunde. Sasa fikiria mwaka wa ukame. Mahindi yamekauka, muhogo mchungu ndio uliosimama shambani, njaa inawabana watu wafupishe kuloweka, na kitoweo hakuna. Mwaka 1981, katika jimbo la Nampula, kaskazini mwa Msumbiji, zaidi ya watu 1,100, wengi wao wanawake na watoto, walipooza miguu ghafla. Mwaka 1985 ugonjwa huo huo ulizuka wilayani Tarime, mkoani Mara. Unaitwa konzo, jina lililotoka Kongo, ambako bado unaathiri watu. Aliyepooza kwa konzo haponi, ingawa hauzidi kumla. Hawa watu hawakuugua kwa kuchanganya vyakula. Waliugua kwa kukosa cha kuchanganya, pamoja na kukosa muda wa kuloweka. Dagaa pembeni ya ugali wa muhogo wana kazi ya kemia pale, ingawa hawampi mtu ruhusa ya kuruka kuloweka.

Majani ya mmea huo huo, kisamvu, yana sumu hiyo pia, ndiyo maana hutwangwa kwenye kinu hadi yalainike kabisa, kisha yakachemshwa muda mrefu bila kufunikwa kabla ya kuungwa. Kutwanga huachilia sumu, moto huifukuza. Halafu huja tui la nazi au karanga zilizosagwa, na hapo watu wengi hudhani ni ladha tu. Majani ya kijani, karoti, maboga na viazi vitamu vya njano vina karotini ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, lakini karotini haiyeyuki kwenye maji. Inataka mafuta. Kisamvu cha nazi cha Tanga, mchicha wa karanga wa bara, na mboga zilizokolezwa mawese kule Kigoma, vyote vinafanya kazi moja. Mawese yenyewe, yakiwa bado mekundu, yana karotini yake nyingi. Anayejipa sifa ya afya kwa kuchemsha mchicha kwa maji na chumvi tu, akaula na ugali mkavu, amejinyima nusu ya alichokifuata. Kijiko kimoja cha mafuta kinatosha. Sisemi mchicha uogelee.

Limau nalo lina kazi yake. Madini ya chuma yaliyomo kwenye mchicha, maharage na ulezi ni mazito kufyonzwa kuliko ya kwenye nyama na samaki, kwa sababu yamefungwafungwa na viambato vya mmea wenyewe. Vitamini C huyafungua na kuyaongoza njia, ila lazima viwe pamoja kwenye mlo ule ule. Chungwa la asubuhi halisaidii maharage ya usiku. Kamua limau juu ya mboga ikishaepuliwa, maana moto huiharibu vitamini hiyo. Kachumbari ya nyanya mbichi na ndimu ni dawa kamili kando ya maharage. Kadhalika pera, embe, papai, na ile juisi ya ubuyu ambayo wengi huichukulia kama ya watoto. Kwa hiyo papai baada ya ugali na mchicha, lile lililopigwa marufuku kwenye kundi la ukoo, ndilo hasa linalotakiwa.

Lakini anayeniambia kwamba embe baada ya pilau humtesa, simkatalii. Tumbo lake halidanganyi, ila maelezo aliyopewa ndiyo ya uongo. Kuoza kunataka vijidudu, na tindikali ya tumbo huviua vingi kabla havijakaa. Kinachotokea ni kwamba pilau la nyama lina mafuta, na mafuta yakifika utumbo mwembamba huliambia tumbo lipunguze mwendo. Embe likiingia juu ya sahani iliyojaa, nafasi hakuna. Isitoshe, embe na tikiti vina sukari ya fruktosi kwa wingi ambayo baadhi ya watu hawaimalizi kuifyonza. Ile inayobaki hufika utumbo mpana, bakteria wakaishangilia kwa gesi. Mtu huyo apunguze pilau, au ale tunda saa mbili baadaye, au achague chungwa au ndizi. Hahitaji nadharia.

Gesi ya maharage ni kisa kama hicho. Maharage yana sukari za aina ambayo utumbo wa binadamu hauna kimeng'enya cha kuzivunja, kwa hiyo husafiri nzima nzima hadi kwa bakteria wa chini. Mama ntilie mzoefu hahitaji kuambiwa. Anachambua, anaosha, analoweka jioni kwa maji mengi, asubuhi anakuta maji yamegeuka rangi na yana povu, anayamwaga yote. Anabandika kwa maji mapya, na wengine huyamwaga tena hata hayo ya mchemko wa kwanza. Sukari zile hutoka na maji. Maharage mekundu yana jambo la ziada: yana sumu inayokufa kwa mchemko wa kweli wa dakika zisizopungua 10, na punje chache tu zisizoiva zinaweza kukutapisha. Moto wa chini chini usiofikia kuchemka hauitoi.

Na magadi? Huyalainisha maharage haraka na kuokoa mkaa, jambo ambalo kwa bei za siku hizi si dogo. Ila huharibu vitamini B1 na kuongeza sodiamu, ambayo mwenye presha anatakiwa kuikimbia. Kwangu mimi kuloweka usiku kucha kunashinda magadi, na nikikuta mtu amefanya yote mawili nitakula bila kununa.

Kuna mchanganyiko mmoja ambao ningependa urudi kwenye kila nyumba yenye mtoto mdogo, nao ni kimea. Ulezi hulowekwa, huachwa uchipue siku mbili tatu, hukaushwa juani, kisha husagwa. Mtama pia hufaa, ila machipukizi yake yaondolewe kwanza kwa sababu yana sianidi. Pika uji mzito kabisa, ule ambao mwiko unakaribia kusimama. Uepue, uache upoe hadi kuwa wa vuguvugu, maana moto mkali huua vimeng'enya vya kimea. Tia kiganja cha unga wa kimea, koroga. Dakika chache tu uji unalegea mbele ya macho yako, unakuwa mwepesi wa kunyweka, na unaanza kuwa na utamu ambao hukuutia. Vimeng'enya vimeanza kuuvunja wanga kabla mtoto hajaugusa. Faida yake ni kwamba bakuli lile lile sasa lina unga mwingi zaidi, kwa mtoto ambaye tumbo lake ni dogo na hawezi kumaliza uji mzito. Ukiuacha uji huo ulale hadi uchachuke, umepata togwa. Uchachu hupunguza viambato vinavyoyafunga madini ya chuma na zinki, na huwapa shida vijidudu vya kuharisha. Watafiti waliofuatilia watoto wadogo Tanzania katika miaka ya 1990 waliona kuhara kukipungua kwa waliokula uji wa kuchachua. Mtindi hufuata njia hiyo hiyo: mtu mzima ambaye maziwa freshi humtibua tumbo mara nyingi huuvumilia, kwa kuwa bakteria wamekwisha kula sehemu ya sukari iliyokuwa ikimsumbua.

Michanganyiko yote hii haina mamlaka juu ya ugonjwa. Kiungulia cha kila siku, choo cheusi au chenye damu, kupungua uzito bila sababu, chakula kukwama kooni, maumivu yanayokuamsha usiku: hayo ni ya hospitali, na vidonda vya tumbo vina kipimo na vina dawa. Mtu asikae mwaka mzima akitenganisha viazi na mayai huku kidonda kinachimba. Kwa kiungulia cha mara moja moja, kula mapema jioni na kutolala saa mbili tatu baada ya kula kutakusaidia kuliko orodha yoyote ya miiko.

Kama lazima pawe na vya kutenganishwa, ningetenganisha kimoja tu, nacho hakimo kwenye orodha za Hay: chai na chakula. Chai ya majani ina tanini zinazokamata madini ya chuma ya mimea na kuyapitiliza hadi chooni. Watafiti wa Afrika Kusini walichapisha mwaka 1975 jinsi chai ilivyopunguza ufyonzwaji wa chuma kutoka kwenye mkate, na kutoka kwenye mlo wa wali na supu ya viazi. Maziwa ndani ya chai hayaifuti tabia hiyo, na kahawa ina tabia kama yake. Mwanamume mwenye afya anayekula nyama hana haja ya kuhangaika. Lakini msichana aliyeanza hedhi, mjamzito, na mtoto mdogo anayepewa chai na mkate kama chakula, hao chai iwakae mbali na mlo kwa saa moja au mbili. Chai ya saa kumi iko mahali pazuri kabisa: mchana umeshapita, cha usiku bado.

Mjamzito aliyepewa vidonge vya kuongeza damu kliniki asivimeze kwa chai ya asubuhi. Avimeze kwa maji, au kwa juisi ya chungwa aliyoikamua mwenyewe. Vikimchafua roho, avimeze usiku baada ya kula kidogo, karibu na kulala, na asivikatize kwa sababu choo kimekuwa cheusi: kwa anayevimeza, rangi hiyo ni ya vidonge vyenyewe.